Muulize Fundi: "Hiyo Linux yako haina intaneti"

Toka Microsoft waache kuipa Windows 10 apdeti za kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, barua za aina moja zimejaa hapa mpaka nimeamua safu ya leo iwe yao wote. Stori ni ileile. Mtu ana laptopu ya mtumba ya miaka kumi iliyopita, Windows 11 inaikataa kwa sababu inataka prosesa mpya na kile kitu cha usalama kinaitwa TPM 2.0, basi kijana wa dukani anamwekea Ubuntu au Linux Mint, mifumo ya familia ya Linux ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, bure, mashine inaruka kama mpya, anafika nayo nyumbani anafungua, intaneti hakuna. Tuanze na mwalimu wetu wa Morogoro, maana ya kwake imebeba za wenzake wengi.

Habari za kazi fundi. Nilinunua Dell Latitude ya mtumba Kariakoo, kijana akaniwekea Linux Mint akanionyesha inawaka vizuri nikaridhika. Nyumbani tuna faiba, ruta iko sebuleni, simu zote nne zinashika na tivii inashika, ila laptopu haioni waifai yetu wala ya jirani, ile alama ya waifai pale chini haipo kabisa. Nimempelekea fundi wa hapa mtaani kaangalia dakika mbili tu akasema mama hiyo Linux haina intaneti, toa elfu thelathini nikupigie Windows. Nitoe?
*Mwalimu, Morogoro*

Shikamoo mwalimu. Usitoe kwanza.

Kusema Linux haina intaneti ni sawa na kusema bahari haina chumvi. Hizo simu zenu nne, kama ni Android, ndani yake kuna Linux, na ruta hiyo ya sebuleni uwezekano ni mkubwa nayo inaendeshwa na Linux, kwa hiyo hapo nyumbani unayo tayari, tena unaitumia kila siku, ni vile hukuambiwa. Kilichokosekana ni kitu kidogo, na kuna vitatu vya kuangalia, tuvifuate kwa mpangilio huu maana cha kwanza ni cha bure na cha haraka.

Cha kwanza ni swichi. Dell Latitude za zamani, zile E6400 na wenzake, zina kaswichi kadogo ubavuni ka kuzima na kuwasha waifai, na kwa kuwa laptopu imesafiri kwenye kontena na kushikwa na mikono mingi hako kaswichi unaweza ukute kako upande wa kuzima. Usicheke, mimi mwenyewe niliwahi kukaa na mashine ya namna hiyo saa mbili nzima, nimeshaweka draiva, ile programu ya kuiendesha waifai, nimetoa nimeweka tena, akaja mtoto wa mwenye laptopu akauliza anko hii ni ya nini, tik, waifai hiyo. Hela nilishindwa kumdai mwenye laptopu. Ili ujue bila kubahatisha fungua teminali, ule ubao mweusi, andika `rfkill list` halafu bonyeza Enter. Ukiona kwenye mstari wa waifai imeandikwa "Hard blocked: yes", basi ni swichi, tafuta ubavuni. Ukiona "Soft blocked: yes" basi imezimwa na programu, andika `rfkill unblock wifi` imekwisha.

Cha pili ni kadi yenyewe. Andika `lspci -nnk`, itamwaga mistari mingi, wewe tafuta palipoandikwa "Network controller". Kama hapo hapana mstari huo kabisa, mwalimu, kuna uwezekano laptopu haina kadi ya waifai, imechomolewa ikauzwa peke yake au imelegea, mitumba ina mambo mengi, na hapo rudi kwa aliyekuuzia. Kama mstari upo na jina ni Intel, mara nyingi inajiendea yenyewe, ukiona imegoma rudi kwenye swichi. Lakini kama jina ni Broadcom, na chini yake hakuna mstari unaoanza na "Kernel driver in use", tumeshamkamata mchawi. Kwa dalili ulizonipa, simu zinashika na laptopu haionyeshi hata alama, hapa ndipo ninapoweka hela yangu.

Kwa nini Broadcom? Draiva za Linux zinaandikwa na watu wengi kwa kushirikiana, na kazi hiyo inataka kampuni ya kadi iseme kadi yake inafanyaje kazi. Intel wanaandika draiva zao wenyewe na kuziweka wazi. Broadcom kwa kadi zao nyingi za zamani walibana, wakatoa draiva iliyofungwa, na draiva iliyofungwa haiwekwi moja kwa moja, mpaka mwenye mashine akubali mwenyewe. Ndo maana fundi wako kaona patupu, angebonyeza mara tatu tu angeiona.

Cha tatu sasa, hiyo draiva. Kwenye menyu ya Mint kuna programu imeandikwa Driver Manager, ifungue, weka paswedi, itatafuta na kukuambia kuna draiva ya Broadcom, chagua, subiri, zima na kuwasha. Hapo utaniuliza, fundi, inapakua hiyo draiva kwa intaneti gani wakati intaneti ndo sina? Swali zuri, watu wengi wanakwama hapa na kukata tamaa, na njia zipo tatu. Kama kijana wa Kariakoo bado ana ile flashi aliyowekea Mint, ichomeke, Driver Manager itaichukua draiva humo humo kwenye flashi maana imewekwa makusudi kwa watu kama wewe. Njia ya pili, ruta yako nyuma ina matundu ya waya wa mtandao, tafuta waya mmoja chomeka kwenye ruta na kwenye laptopu, intaneti ya waya kwenye Linux karibu siku zote inakubali bila kuuliza kitu. Njia ya tatu ndo ninayoipenda. Chukua simu ya Android, iunge na laptopu kwa waya wa chaji, ingia kwenye setingi za hotspoti uwashe pale palipoandikwa kushea kwa USB. Mint itaiona simu kama waya wa mtandao. Na simu ikiwa imeshika waifai ya nyumbani itakushea hiyohiyo ya faiba, haitagusa bando lako. Watu wanaogopa njia hii wakidhani itakula GB zote, haili, wewe hakikisha tu waifai ya simu iko hewani na data umezima.

Kuna mtego mmoja wa mwisho. Laptopu nyingine zina kile kinga kinaitwa Secure Boot, na ukiwa unaweka draiva iliyofungwa Mint itakuomba utunge paswedi ya muda. Itunge, iandike kwenye karatasi. Ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu ya kutisha kidogo ikisubiri ubonyeze kitufe chochote, na inasubiri sekunde kumi tu halafu inaondoka kimya kimya na draiva haitafanya kazi na hutajua kwa nini. Kwa hiyo usiende kuangalia ugali. Bonyeza kitufe, chagua "Enroll MOK", kisha endelea, ndiyo, weka ile paswedi, washa upya. Kama imekupita, rudia kuweka draiva, skrini itarudi.

Ikishindikana yote hayo, mwambie fundi huyohuyo akubadilishie kadi, akuwekee ya Intel ya mtumba. Dell kwa kawaida hazina ubaguzi wa kadi, tofauti na HP nyingi na ThinkPad nyingi za zamani ambazo zina orodha yao, ukiweka kadi ya nje ya orodha mashine inagoma hata kuwaka vizuri. Kwa Dell, elfu thelathini yako itakuwa imefanya kazi ya maana.

Asalaam alaykum fundi. Nna HP, nimeweka Ubuntu mwenyewe kwa kuangalia video. Waifai ya dakhalia inashika, alama imejaa, lakini Firefox haifungui saiti, nyengine inazunguka tu, nyengine inaniambia si salama. Simu yangu kwenye waifai hiyohiyo inafanya kazi. Nimeweka Ubuntu upya mara mbili haikusaidia. Na jambo jengine sijui kama linahusiana, kila nikizima nikiwasha tarehe inarudi nyuma, leo imeniambia ni Aprili 2024.
*Mwanafunzi, Unguja*

Waalaykumu salaam. Linahusiana, tena linahusiana sana, ungelianza na hilo tungemaliza kwa mistari miwili.

Kila saiti yenye kufuli ina hati yake ya kujitambulisha, na hati hiyo ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Siku hizi hati ni za muda mfupi, zile za bure za Let's Encrypt ambazo saiti nyingi wanatumia zinadumu siku 90 tu. Sasa kompyuta yako iko Aprili 2024, inaletewa hati iliyotolewa mwezi uliopita, kwa macho yake hati hiyo bado haijazaliwa, inaikataa. Ina haki kabisa. Simu inachukua saa kwa mnara wa mtandao ndo maana haina shida.

Chanzo ni kile kibetri kidogo cha duara kama sarafu kinachokaa kwenye ubao wa ndani, mara nyingi ni CR2032, kwenye laptopu kinakuja na vijiwaya viwili, kimekufa. Fundi yeyote wa kompyuta anakibadilisha. Kwa leo nenda kwenye setingi, tarehe na saa, zima ya otomatiki, weka tarehe ya leo kwa mkono, na angalizo, saa ya kompyuta si saa yetu, saa nane mchana ni 14:00, nina mteja aliweka saa nane kwa Kiswahili akawa nyuma saa sita. Kwa kawaida Ubuntu ikipata intaneti inajirekebishia saa yenyewe, ila mitandao mingine ya shule na vyuo inafunga njia inayotumika kwa kazi hiyo, ndo maana yako inabaki palepale.

Wapo walioandika tatizo kama lako, waifai imeshika na saiti hazifunguki, lakini saa yao iko sawa. Hao nawaomba wajifunze kupiga hodi, maana intaneti ni milango iliyofuatana na lazima ujue umekwama mlango upi. Wengi wanapiga fomati kabla hata ya kupiga hodi, wewe mwanafunzi umeshafanya hivyo mara mbili.

Hodi ya kwanza unajipigia mwenyewe. Andika `ip a`, tafuta mstari wa waifai, jina lake linaanza na herufi wl, uone kama chini yake kuna neno inet na namba kama 192.168.1.7 au 10 nukta kitu. Kama haipo, ruta haijakupa anwani, hapo tatizo ni kati yako na ruta, sahau waifai hiyo kwenye setingi uiingie upya, na kama ni ruta yako izime dakika moja. Kama ipo, andika `ip route`, mstari unaoanza na "default via" unakutajia namba ya ruta. Hodi ya pili ni hapo, `ping -c 4` na namba hiyo. Akijibu, umefika sebuleni salama. Hodi ya tatu ni nje ya nyumba, `ping -c 4 1.1.1.1`, hiyo ni namba ya Cloudflare na wako macho saa zote. Hodi ya nne ni ileile ya nje ila kwa jina badala ya namba, `ping -c 4 wikipedia.org`.

Ya tatu ikijibiwa na ya nne ikagoma, intaneti unayo, ulichokosa ni daftari la majina, DNS. Kompyuta inajua njia lakini haijui Wikipedia anakaa nyumba namba ngapi. Ingia setingi za waifai hiyo, IPv4, palipoandikwa DNS zima otomatiki, andika 1.1.1.1, 8.8.8.8, kisha zima waifai uwashe. Kwa hesabu yangu ya barua za humu, nusu ya "Linux imegoma" ni hii, na Linux haijagoma chochote. Ila kwa mitandao ya dakhalia, hoteli na mahospitali kuna kitu cha kuangalia kabla ya kugusa DNS, ule ukurasa wa kuingia na jina na paswedi. Kwenye simu unajitokeza wenyewe, kwenye laptopu wakati mwingine unajificha. Andika `http://neverssl.com` juu kwenye Firefox, saiti hiyo haina kufuli makusudi, ukurasa wa kuingia utalazimika kutokea.

Fundi sasa. Niko Kisumu, nalipia faiba ya 20 Mbps kila mwezi na nalipa kwa wakati. Hii laptopu ya Ubuntu nikishusha faili inasoma 2.3 peke yake, haijawahi kufika hata 3. Wananiibia ama ni Linux?
*Mlipaji, Kisumu*

Hakuna mwizi hapo ndugu yangu. Hiyo 20 unayolipia ni megabiti, hiyo 2.3 unayoiona wakati wa kushusha ni megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawa 20 kwa nane unapata 2.5. Wewe unapata 2.3, hiyo ni zaidi ya 18 kati ya 20, na kidogo kinachopotea ni gharama ya njiani tu. Kuna watu wanalipia hiyohiyo wanaiota yako.

Wale ambao kweli laptopu inasuasua huku simu pembeni inakimbia, kwanza jaribu waya kutoka kwenye ruta. Waya ukikimbia basi shida ni waifai, na mchawi wa kwanza wa kumwangalia ni hali ya kubana umeme, Ubuntu inailaza kadi ili betri idumu na kadi nyingine hazijui kuamka. Fungua faili hili, `sudo nano /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`, palipo na 3 weka 2, hifadhi, washa upya. Mbili maana yake usilale.

Za siku fundi, sisi huku kwetu faiba hakuna, natumia modemu ya Huawei ya kuchomeka. Kwenye Windows ilikuwa naichomeka inajiinstoli yenyewe nakonekti. Kwenye Mint nikiichomeka inafungua kama CD ina mafaili ya Windows ndani basi, taa inawaka, hakuna kitu.
*Mkulima wa tangawizi, Kasulu*

Salama kaka. Modemu yako ina sura mbili. Ikichomekwa mara ya kwanza inajifanya CD ili Windows iweke programu yake, kisha programu hiyo inaiambia geuka sasa uwe modemu. Linux haina haja ya programu hiyo ila lazima mtu aiambie igeuke, na kazi hiyo inafanywa na kijiprogramu kinaitwa usb-modeswitch ambacho Mint kwa kawaida kinakuja nacho. Kama hakipo, njia ni ile niliyomwelekeza mwalimu, shea intaneti ya simu kwa USB halafu `sudo apt install usb-modeswitch`, chomoa modemu, subiri, chomeka tena, na usiwe na haraka, zinachukua hata nusu dakika kugeuka.

Ujue kama imegeuka andika `lsusb` kabla na baada. Kwenye mstari wa Huawei, baada ya neno ID kuna 12d1, ni namba yao, kinachofuata baada ya nukta mbili kikibadilika basi imegeuka. Kuna zinazogeuka zikawa modemu kamili, hizo utaona kwenye alama ya mtandao pameongezeka intaneti ya simu, bonyeza, chagua nchi, chagua mtandao wako kwenye orodha, APN, ile anwani ya kuingilia mtandao wa simu, inajijaza. Kuna nyingine, wanaziita HiLink, hizo zinageuka zikawa kama ruta ndogo, huchagui chochote, Mint inadhani umechomeka waya na intaneti inaingia, na setingi zake unazikuta kwa kuandika 192.168.8.1 kwenye Firefox. Kwa hiyo usihangaike kutafuta palipoandikwa modemu wakati imeshakuunganisha tayari, jaribu kufungua saiti kwanza.

Na hiyo laini ndani, kama ina PIN, iweke kwenye simu uitoe PIN kabisa. Nimeona modemu nzima zikitupwa kwa sababu ya PIN. Bando pia liwepo, samahani kwa kulisema ila barua mbili za mwezi huu jibu lake lilikuwa hilo.

Fundi nina kinyongo na Linux. Jumapili moja Mei 2024 nimeweka Ubuntu asubuhi, mchana intaneti hakuna. Nikaweka upya, hakuna. Nikaweka Mint, hakuna. Jumatatu nikapiga Windows, nayo ikawa inasuasua, ndo kusikia redioni kwamba nchi nzima intaneti imeharibika. Sasa nataka kurudi ila siku nyingine nitajuaje kama ni mimi au ni wao?
*Mkazi wa Tabata, Dar*

Pole sana, umecheka na wewe lakini. Hiyo ilikuwa tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hizo ndo zinabeba sehemu kubwa ya intaneti ya pwani yetu hii, na Tanzania tulikuwa kati ya walioumia zaidi. Wewe ulikuwa Tabata unapiga fomati kwa ajili ya waya uliokatika chini ya bahari huko kusini.

Hodi zilezile zinakupa jibu. Ya kwanza na ya pili zikijibiwa, laptopu yako na Linux yako hazina kosa, acha kuzigusa, weka chini hiyo flashi. Ya tatu ikigoma, ni mambo ya mtoa huduma. Ukitaka kuona panapokatikia andika `tracepath 1.1.1.1`, inakuonyesha mlango kwa mlango, na ukiona mlango wa kwanza ni ruta yako, wa pili na wa tatu ni wa mtoa huduma wako, kisha kimya, basi ni wao, ila baadhi ya milango ina kiburi haijibu hata intaneti ikiwa nzima, kwa hiyo usitoe hukumu kwa kimya cha mlango mmoja wa katikati. Kabla ya hapo inuka uiangalie ruta ya faiba. Ina taa ndogo imeandikwa LOS, ikiwa nyekundu mwanga wa faiba haufiki kwako, waya umekatwa barabarani au umepindwa nyuma ya kabati, na hapo hata ulete Windows za dunia nzima. Angalia pia simu kwenye waifai ileile. Simu nayo ikikosa, kosa si la laptopu. Ila zima data ya simu kwanza, maana simu ni mjanja, waifai ikifa inahamia kwenye bando kimya kimya na wewe unaona mbona simu inafanya kazi.

Mzee wewe unawapamba sana hao wa Linux. Sisi wenye maduka ndo tunarudishiwa mashine kila Jumatatu, mteja analalamika waifai. Bora niwapigie Windows ya kuchakachua nilale usingizi. Unasemaje?
*Muuza laptopu, Mwanza*

Hiyo ya kuchakachua mdogo wangu unalala wewe, mteja wako anakesha na virusi.

Ila malalamiko yako yana ukweli, na dawa unayo mkononi. Flashi ya Mint au Ubuntu ukiibuti haikulazimishi kuweka kitu, inawaka yote kutoka kwenye flashi, ina Firefox ndani, unaijaribu bila kugusa diski. Kabla ya kubonyeza kuweka, washa waifai hapo hapo, ingia hotspoti ya simu yako, fungua video moja, hakikisha na sauti inatoka. Ikikubali weka. Ikigoma mara nyingi ni kadi ya Broadcom au Realtek, weka draiva mwenyewe kabla mteja hajalipa, dukani intaneti unayo, nyumbani kwake hana. Na kama mashine itabaki na Windows pembeni kwa mteja anayetaka zote mbili, ingia humo uzime ile fast startup, kwa sababu Windows ikiwa nayo haizimiki kabisa, inasinzia tu, na kadi nyingine za waifai zinabaki zimeshikiliwa, mteja akiingia Linux hazioni kitu akiwasha tena Windows zipo, atakuja kwako anakuapia kwamba Linux ina jini.

Halafu chukua kalamu, andika jina la kadi ya waifai na paswedi uliyomwekea kwenye kikaratasi, kibandike kwa selotepu chini ya laptopu karibu na betri. Hata akinipigia mimi badala yako, nitakuwa na pa kuanzia.